Uhariri wa matini kwa mbali kutoka Windows

Uhariri wa matini kwa mbali ni kazi ya kufungua, kubadilisha na kuhifadhi faili za maandishi zilizomo katika kompyuta nyingine kupitia mtandao. Mara nyingi kompyuta hiyo ya mbali ni seva inayotumia Linux au mfumo mwingine wa jamii ya Unix, ilhali mtumiaji ameketi mbele ya kompyuta yenye Windows. Ili kufanya kazi hiyo anahitaji vitu vitatu: programu ya terminali inayoonyesha herufi kwenye skrini yake, itifaki salama ya mawasiliano, na kihariri matini kinachoendeshwa upande wa seva.

Uteuzi wa vitu hivyo huamua mambo matatu makubwa: kama nywila itabaki siri, kama maandishi yataonekana sawasawa, na kama kazi itasalimika mtandao unapokatika.

Asili ya terminali

Zamani neno terminali lilimaanisha mashine yenyewe: kibodi pamoja na skrini au printa, iliyounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa iliyotumiwa na watu wengi. Terminali haikuendesha programu za mtumiaji. Kazi yake ilikuwa kupeleka kila herufi iliyobonyezwa na kuonyesha kila herufi iliyorudi.

Mwaka 1978 kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani ilitoa VT100, terminali iliyoelewa mfuatano maalumu wa alama za kusogeza kishale, kufuta mstari na kubadilisha mwonekano wa herufi. Mashine nyingi zilizofuata ziliiga alama hizo. Leo terminali za aina hiyo ni nadra, lakini programu za kisasa bado zinaziigiza. Programu nyingi hujitambulisha kwa seva kwa jina la xterm, programu ya terminali iliyoanza kuandikwa mwaka 1984.

Historia hiyo inaeleza pia tabia ya vihariri. Kihariri vi kiliandikwa na Bill Joy katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuanzia mwaka 1976. Alitumia terminali ya ADM-3A, ambayo mishale ilichorwa juu ya vitufe vya H, J, K na L. Ndiyo maana mpaka leo vitufe hivyo husogeza kishale katika vi. Mawasiliano ya wakati ule yalikuwa ya polepole, hivyo amri za herufi moja au mbili ziliokoa muda. Faida hiyo bado inaonekana pale mtandao unapokuwa mzito.

Kutoka Telnet hadi SSH

Telnet ilianza mwaka 1969 na ilikuwa njia ya kawaida ya kuingia katika kompyuta ya mbali kwa miaka mingi. Udhaifu wake ni kwamba hupeleka kila kitu wazi, pamoja na jina la mtumiaji na nywila. Mtu yeyote aliye njiani kati ya kompyuta mbili anaweza kusoma yote.

Mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini, alitunga itifaki ya SSH baada ya nywila kudukuliwa katika mtandao wa chuo hicho. SSH husimba mawasiliano yote kwa siri na kuthibitisha kuwa seva ni ile iliyokusudiwa. Kwa kawaida hutumia poti namba 22, wakati Telnet hutumia namba 23. Mwaka 1999 mradi wa OpenBSD ulitoa OpenSSH, toleo huria ambalo leo limeenea zaidi katika seva za Linux. Toleo la pili la itifaki, SSH-2, lilisanifiwa rasmi mwaka 2006, na ndilo linalopaswa kutumika.

Programu za terminali kwenye Windows

PuTTY

Kwa muda mrefu Windows haikuja na programu ya SSH. Pengo hilo lilizibwa na PuTTY, programu huria iliyoandikwa na Simon Tatham wa Uingereza na kutolewa kwa umma mwaka 1999. Ni faili dogo linaloweza kuendeshwa bila kusakinishwa, jambo linalowafaa watu wasio na ruhusa ya kuweka programu mpya katika kompyuta wanayotumia.

PuTTY ina programu ndugu zake: PuTTYgen ya kutengeneza funguo, Pageant ya kutunza funguo katika kumbukumbu, na PSCP na PSFTP za kuhamisha faili. Funguo zake huhifadhiwa kwa muundo wa .ppk, ambao ni tofauti na ule wa OpenSSH. PuTTYgen hubadilisha kutoka muundo mmoja kwenda mwingine. Orodha ya seva na mipangilio yake hutunzwa katika rejista ya Windows. Kwa hiyo anayetumia PuTTY kwenye kompyuta ya pamoja huacha alama za seva alizotembelea, hata kama faili la programu lilikuwa kwenye diski ya mkononi na ameondoka nalo.

OpenSSH na Windows Terminal

Tangu toleo la 1803 la Windows 10, lililotoka mwaka 2018, programu ya OpenSSH ya upande wa mtumiaji huja pamoja na Windows. Inatosha kufungua dirisha la amri na kuandika:

ssh jina@seva

Mwaka 2019 Microsoft ilitangaza Windows Terminal, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2020. Ni programu huria yenye vichupo, rangi kamili na uwezo mzuri wa kuonyesha herufi za Unicode. Katika Windows 11 ndiyo terminali ya kawaida. Yafaa kutofautisha kazi za programu hizi mbili: Windows Terminal huchora herufi kwenye skrini, na OpenSSH huunganisha kompyuta hiyo na seva. Mipangilio ya seva huandikwa katika faili la matini liitwalo config ndani ya folda ya .ssh ya mtumiaji, na faili hilo linaweza kunakiliwa kwenda kompyuta nyingine.

WSL

Windows Subsystem for Linux, au WSL, ilianza mwaka 2016. Humwezesha mtumiaji kuendesha Linux ndani ya Windows. Toleo la pili, WSL 2, hutumia kiini halisi cha Linux ndani ya mashine pepe. Anayeitumia hupata zana zilezile zilizopo kwenye seva, hivyo anaweza kujifunza mara moja na kutumia pande zote mbili. Gharama yake ni kumbukumbu na nafasi ya diski; kompyuta yenye RAM ndogo huweza kulemewa.

Cygwin na MobaXterm

Cygwin, iliyoanza mwaka 1995, huleta zana za Unix kwenye Windows bila mashine pepe. Terminali yake ya kawaida ni mintty, ambayo pia huja na Git for Windows. MobaXterm ya kampuni ya Mobatek ya Ufaransa hukusanya mambo mengi katika dirisha moja: SSH, kidirisha cha kuhamisha faili, na uwezo wa kuonyesha programu za picha zinazoendeshwa kwenye seva. Ina toleo la bure na toleo la kulipia.

Vihariri upande wa seva

Terminali ikishaunganishwa, kuhariri kwenyewe hufanywa na programu iliyomo katika seva. Vinavyotumika zaidi ni vitatu.

Nano ni rahisi kwa anayeanza, kwa kuwa huonyesha amri zake chini ya skrini. Ctrl+O huhifadhi na Ctrl+X hutoka.

Vim ilitolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar wa Uholanzi kama mrithi wa vi. Ina hali mbalimbali: katika hali ya kawaida herufi ni amri, na katika hali ya kuingiza herufi huandikwa. Kitufe cha i huingia katika hali ya kuandika, Esc hurudi, na :wq huhifadhi na kutoka. Vim ina uhusiano na Afrika Mashariki: Moolenaar alijitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994, na tangu hapo aliwaomba watumiaji wa Vim wachangie watoto wa huko. Alifariki mwaka 2023.

GNU Emacs, iliyotolewa mwaka 1985 na Richard Stallman, inaweza kuendeshwa kwenye seva, au kuendeshwa kwenye kompyuta ya mtumiaji na kufikia faili za mbali kwa kutumia sehemu yake iitwayo TRAMP.

Hata anayependa kihariri kingine hufaidika kwa kujua amri tano au sita za vi, kwa sababu kihariri hicho au ndugu yake hupatikana karibu katika kila mfumo wa jamii ya Unix.

Umbali na kukatika kwa mtandao

Katika SSH ya kawaida, herufi iliyobonyezwa husafiri hadi kwenye seva, kisha hurudi ndipo ionekane kwenye skrini. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 za kebo huhitaji basi sekunde 0.1 kwa safari ya kwenda na kurudi, hata kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa mitambo ya njiani. Mwandishi mwepesi huanza kuhisi uzito huo.

Kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti kwa mawasiliano ya nje. Satelaiti za aina hiyo zipo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na kila herufi ilichukua takriban nusu sekunde au zaidi kwenda na kurudi. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, zilipunguza sana muda huo. Hata hivyo kebo nazo hukatika: mwezi Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za ukanda huo, zikiwemo Tanzania na Kenya.

Mawasiliano yakikatika, programu zilizokuwa zikiendeshwa ndani ya kikao cha SSH kwa kawaida husimamishwa. Vihariri vina kinga yake. Vim hutunza faili la akiba lenye mwisho wa .swp, na amri ya vim -r hurejesha kazi. Nano hujaribu kuhifadhi maandishi katika faili lenye mwisho wa .save. Emacs huweka nakala yenye alama ya # mwanzoni na mwishoni mwa jina. Lakini kinga iliyo bora ni kutoruhusu kikao kife.

Njia iliyoenea ni kutumia programu ya kugawa terminali, kama GNU Screen ya mwaka 1987 au tmux ya mwaka 2007. Programu hizi hukaa kwenye seva na kushikilia kikao hata mtumiaji akiondoka. Kwa tmux hatua ni hizi:

1. Baada ya kuingia katika seva, andika tmux new -s kazi, kisha fungua kihariri.
2. Ili kuondoka bila kufunga, bonyeza Ctrl+b, kisha d.
3. Baada ya kurudi, andika tmux attach -t kazi. Kihariri kitakuwa palepale kilipoachwa.

Kikao hicho hakisalimiki seva yenyewe ikizimwa na kuwashwa upya. Kwa hiyo kuhifadhi faili mara kwa mara kunabaki kuwa lazima.

Njia nyingine ni Mosh, programu iliyotolewa mwaka 2012 na watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT). Mosh huanza kwa SSH, kisha huhamia kwenye itifaki ya UDP. Hukisia herufi itakavyoonekana na kuionyesha mara moja bila kusubiri seva, na hubaki hai hata kompyuta ikihama kutoka Wi-Fi kwenda mtandao wa simu. Masharti yake ni mawili: Mosh iwe imesakinishwa pia kwenye seva, na poti za UDP anazotumia, kwa kawaida kati ya 60000 na 61000, ziwe wazi. Kwenye Windows hupatikana kupitia WSL, Cygwin au MobaXterm.

Kuna vikao vinavyokatika kwa sababu tu vilikaa kimya na kifaa cha njiani kikavifunga. Katika OpenSSH mstari wa ServerAliveInterval 60 ndani ya faili la config hutuma ishara ndogo kila baada ya sekunde 60. PuTTY ina mpangilio wa aina hiyohiyo katika sehemu yake ya Connection.

Herufi, rangi na vitufe

Matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ya kihariri hutokana na terminali na seva kutokubaliana.

Usimbaji wa herufi. Pande zote mbili zitumie UTF-8. Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada, hivyo kosa huweza kujificha mpaka linapotokea neno kama ng'ombe. Ikiwa maandishi yalinakiliwa kutoka programu ya ofisi, king'ong'o chake huenda kimegeuzwa kuwa alama iliyopinda, ambayo katika UTF-8 huchukua baiti tatu, na huonekana kama â€™ pale inaposomwa vibaya. Katika faili la mipangilio au programu, alama za kunukuu zilizopinda huvuruga amri nzima.

Miisho ya mistari. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, CR na LF. Unix hutumia LF peke yake. Hati ya amri iliyoandikwa kwenye Windows na kupakiwa kwenye seva inaweza kukataa kuendeshwa, kwa kuwa mfumo hutafuta programu ambayo jina lake linaishia kwa CR isiyoonekana. Katika Vim amri ya :set ff=unix ikifuatiwa na :w huondoa tatizo; programu ya dos2unix hufanya vivyo hivyo.

Aina ya terminali. Kigeu kiitwacho TERM huieleza seva ni terminali ipi inayozungumza nayo. Thamani ya xterm-256color hufaa kwa programu nyingi za kisasa. Ikiwa si sahihi, rangi hupotea au vitufe vya mishale huandika herufi za ajabu.

Vitufe vinavyogongana. Katika PuTTY kuchagua maandishi kwa kipanya ni kuyanakili, na kubofya kulia ni kuyabandika. Anayebofya kwa bahati mbaya anaweza kumwaga maandishi ndani ya faili. Katika Windows Terminal Ctrl+V hubandika, ilhali Vim hutumia vitufe hivyohivyo kuchagua maandishi kwa umbo la mraba. Vim hukubali Ctrl+Q badala yake. Ctrl+S, ambayo watumiaji wa Windows wamezoea kuhifadhia, kwenye terminali nyingi husimamisha maonyesho, na skrini huonekana kama imeganda. Ctrl+Q huirudisha.

Funguo na usalama

Badala ya nywila, SSH inaweza kutumia jozi ya funguo. Ufunguo wa umma huwekwa kwenye seva, na ufunguo binafsi hubaki kwa mwenyewe. Amri ya ssh-keygen -t ed25519 hutengeneza jozi hiyo. Ufunguo binafsi ulindwe kwa kaulisiri, na usiachwe kwenye kompyuta ya watu wengi.

Mara ya kwanza ya kuingia katika seva, programu huonyesha alama ya utambulisho ya seva hiyo na kuuliza kama inaaminika. Yapaswa kulinganishwa na ile iliyotolewa na msimamizi. Onyo likitokea baadaye kwamba alama imebadilika, huenda seva imesakinishwa upya, au kuna mtu aliyejiweka katikati. Si onyo la kupitwa bila kuuliza.

Programu yenyewe pia ipakuliwe kutoka chanzo chake halali, kwa sababu nakala bandia za PuTTY zimewahi kusambazwa zikiiba taarifa za kuingilia. Masasisho nayo yana uzito. Mwezi Aprili 2024 ilitangazwa dosari katika PuTTY, kuanzia toleo la 0.68 hadi 0.80, iliyogunduliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani. Kwa funguo za aina ya ECDSA P-521, sahihi takriban 60 zilitosha kumwezesha mshambulizi kukokotoa ufunguo binafsi. Toleo la 0.81 lilirekebisha programu, lakini halikuweza kuponya funguo zilizokwisha kutumika. Wenye funguo hizo walipaswa kuziondoa kwenye seva zote na kutengeneza mpya. Dosari hiyo iligusa pia matoleo ya WinSCP na FileZilla yaliyotumia sehemu za PuTTY.

Kuhariri bila terminali

WinSCP, iliyoandikwa na Martin Přikryl wa Ucheki, huonyesha folda za seva kama folda za kawaida. Faili likifunguliwa hupakuliwa, huhaririwa kwa kihariri cha Windows, na kila likihifadhiwa hupakiwa tena. Uandishi hausubiri mtandao, lakini watu wawili wakifungua faili moja, wa mwisho kuhifadhi hufuta kazi ya mwenzake.

Visual Studio Code ina kiendelezi cha Remote-SSH, kilichotangazwa mwaka 2019. Dirisha hubaki kwenye Windows, na sehemu ya programu husakinishwa kwenye seva. Ni njia nzuri kwa miradi mikubwa, ila hutumia kumbukumbu ya seva, hivyo seva ndogo inaweza kuelemewa.

Kuchagua

Hakuna mpangilio mmoja unaomfaa kila mtu. Kwa matumizi mbalimbali yafuatayo hutosha:

- Kubadilisha mistari michache mara mojamoja: OpenSSH iliyomo katika Windows, pamoja na nano.
- Kutumia kompyuta isiyoruhusu kusakinisha kitu, au Windows ya zamani: PuTTY kutoka chanzo chake rasmi, ikiwa toleo jipya.
- Kazi ya kila siku kwenye seva: Windows Terminal, funguo za ed25519, tmux, na Vim au Emacs.
- Mtandao wa simu unaokatikakatika au seva iliyo mbali: Mosh kupitia WSL au Cygwin, pamoja na tmux.
- Mradi wenye faili nyingi na seva yenye kumbukumbu ya kutosha: Visual Studio Code kwa Remote-SSH.

Kabla ya kuuamini mpangilio kwa kazi muhimu, inafaa kuupima kwa faili la mfano: kuandika maneno machache, kuzima Wi-Fi kwa makusudi, kuunganisha tena, na kuangalia kama maandishi yote yapo.